Viatu vya Mlangoni

Tulimwacha Mama Vifungo amesimama kizimbani, mdomo nusu wazi, hakimu akimsubiri. Wewe tangu hapo umekula, umelala, umegombana na watu wako na mmepatana. Yeye wiki nzima yuko pale pale. Miguu itakuwa inamuuma, kwa hiyo tusimcheleweshe.

Swali lilikuwa hili: "Mama, viatu vya kiume vilivyo mlangoni kwako ni vya nani?"

Kama ndiyo kwanza unaingia, kaa hapo nikupe mkasa wote kwa pumzi moja. Mama Vifungo hana mtoto anayeitwa Vifungo, wala mwingine yeyote. Jina limetokana na kazi. Mafundi wenzake wakishashona shati, humletea yeye atoboe matundu na kushona vifungo. Ana nyumba ya vyumba viwili kwenye kiwanja cha kutosha kuanika nguo na kugeuka. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, akaenda mahakamani kudai kiwanja ni chake. Kesi ikasikilizwa upande mmoja, Mama Vifungo hayupo, na amri ikatoka kwamba ahame ndani ya siku thelathini. Yeye alijua kuna kesi siku alipokuta tangazo la kuhamishwa limebandikwa mlangoni.

Akaomba amri ifanyiwe mapitio. Hoja yake ni moja tu: samansi haikumfikia.

Mpeleka samansi naye ameapa, kwa maandishi na muhuri, kwamba ilifika. Hakumkuta mama, kwa hiyo alimkabidhi mumewe, anayeishi naye humo ndani.

Sasa ona alivyobanwa. Akisema mume yupo, amri inabaki na nyumba inakwenda. Akisema hayupo, mabenchi yote nyuma yake yamejaa watu wa mtaani kwake, na mtaa mzima unajua mume yupo. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia.

"Ni vya mume wangu," akasema.

Shemeji akaegemea benchi kama mtu aliyeletewa mto.

"Sina swali zaidi, mheshimiwa," alisema wakili wa Shemeji.

"Mimi ninalo," alisema hakimu. "Mama, mumeo yuko wapi sasa hivi?"

"Sijui."

"Yuko kazini?"

"Sijui, mheshimiwa. Sijamwona kwa miaka sita."

Kuna ukimya wa mahakamani, na kuna ukimya wa watu wanaogundua kwa pamoja kwamba walidanganywa. Huu ulikuwa wa pili. Hata feni ya darini ilionekana kuzunguka kwa adabu.

Wakili alikohoa. Hukohoa kabla ya kila swali, kama gari linalotaka kuwaka asubuhi ya baridi.

"Mheshimiwa, jirani anayechangia ukuta na huyu mama ameapa kwamba mume yumo humo. Amesikia sauti yake."

"Ni redio," alisema Mama Vifungo.

"Ameona shati lake kwenye kamba kila Jumamosi."

"Nililishona mwenyewe, kwa kipimo chake. Nalifua kila Jumamosi."

"Linachafuliwa na nani?"

"Halichafuki."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajuta.

"Uliwaambia majirani mumeo anafanya kazi zamu ya usiku, na mchana analala. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo umewadanganya miaka sita."

"Mitano. Mwaka wa kwanza nilikuwa namngoja kweli."

Wakili akageuka kwa hakimu, mikono wazi. "Mheshimiwa, mtu aliyedanganya mtaa mzima kwa miaka mitano anatuomba leo tumwamini kwa dakika tano."

Hilo liligonga. Ungekuwepo ungelisikia likigonga. Mama Vifungo alishika ukingo wa kizimba, na vidole vyake, vilivyozoea kushika vitu vidogo vidogo, havikujua la kufanya na ubao mpana vile.

"Kwa nini, mama?" aliuliza hakimu.

"Alipoondoka alivaa viatu vya kazi, hivi vizuri akaviacha. Mwaka wa pili mtu alijaribu kunivunjia dirisha. Nikavitoa viatu nje, yule mtu hakurudi tena. Basi vikabaki nje. Watu wakaanza kuniuliza, bwana amerudi? Nikasema ndiyo, maana hapana ilikuwa na maswali mengi nyuma yake. Ukishasema ndiyo, mheshimiwa, lazima uwe na shati. Ukiwa na shati, lazima uwe na sauti. Nikatafuta redio."

Hakimu aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe.

Hapo ndipo mtu akasimama kwenye benchi la tatu bila kuitwa. Alikuwa ni yule jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mpana, mpole, anayevaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Ndiye aliyeapa wiki iliyopita kwamba mume yumo.

"Keti, mama," askari wa mahakama alimwambia.

"Nitaketi. Miaka mitano siburuti kiti mchana, nakinyanyua, mtu asiamke. Leo nikisimama dakika moja si vibaya." Akamtazama hakimu. "Mheshimiwa, siku ile ya karatasi mimi nilikuwepo."

"Mbona hukusema ulipotoa ushahidi?"

"Hakuna aliyeniuliza. Waliniuliza habari za mume tu."

Hakimu alimtazama wakili, wakili akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Umeshaapa, na kiapo chako bado kina joto," alisema hakimu. "Sema."

"Yule bwana alikuja na baiskeli. Alitaka kubisha hodi, nikamuwahi. Nikamwambia, tafadhali baba, mwenyewe ametoka kupeleka mashati, na mumewe amelala, ametoka zamu. Usimwamshe mtu. Akasema samahani. Mimi nikarudi ndani kwangu."

Vichwa vyote viligeuka kumtafuta mpeleka samansi. Alikuwa mwisho wa benchi la mwisho, mzee mwembamba, suruali imebanwa kwa pini ya baiskeli. Mahakamani wanamwita Bwana Samahani, na ukikaa naye dakika moja utajua kwa nini.

"Njoo mbele," alisema hakimu.

"Samahani, mheshimiwa." Alikuja akiwaomba radhi watu wote aliowapita, na benchi moja.

"Kwenye kiapo chako umeandika, nasoma hapa, 'nilimkabidhi mume wake.' Ulimkabidhi?"

"Kwa namna fulani, mheshimiwa."

"Namna ziko ngapi?"

Bwana Samahani alifikiri. "Ile ya kawaida, na ile niliyoifanya mimi."

"Ulimwona huyo mume?"

"Niliona viatu."

"Sikukuuliza viatu."

"Samahani. Nilimsikia, mheshimiwa. Alikuwa anaeleza habari za mvua. Sauti nzuri, ya mtu aliyesoma."

"Umeambiwa amelala. Amelala na anaeleza mvua?"

"Mimi ndiye niliyemwambia asishangae," Jirani alidakia kutoka nyuma, kwa unyonge. "Nilimwambia huyo mume huwa ana maneno mengi usingizini."

Sasa chumba kizima kilicheka, hata karani, hata askari aliyepaswa kuwanyamazisha. Aliyebaki bila kucheka ni Mama Vifungo peke yake. Na Shemeji, lakini huyo alikuwa na sababu zake, utaziona.

"Samansi uliiweka wapi?" aliuliza hakimu kicheko kilipokwisha.

"Samahani, mheshimiwa. Kwenye kiatu."

"Kiatu kipi?"

"Cha kulia. Niliona ndiyo heshima zaidi."

Ungedhani kesi imekwisha hapo. Hata Mama Vifungo alidhani hivyo. Lakini wakili naye hakuja kupunga upepo. Alikohoa mara mbili.

"Basi samansi ilifika, mheshimiwa. Ilifika mlangoni kwake, ndani ya viatu ambavyo yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, wiki iliyopita alisema anavipiga rangi kila Jumamosi. Miezi minne. Jumamosi kumi na sita au zaidi. Aliiona, akaificha, leo anasema haikumfikia."

Hoja ilikuwa nzuri, lazima tumpe haki yake.

"Jibu, mama," alisema hakimu.

"Napiga rangi juu. Ndani siingizi mkono."

"Kwa nini?"

Aliinama. Alijibu kwa sauti ambayo karani alilazimika kuiomba mara ya pili.

"Nilivijaza magazeti mwaka ule wa kwanza, visikunjamane. Sijaingiza mkono tena. Mle ndani unyayo wake umejichora, mheshimiwa. Vidole vyote vitano. Sitaki nivifute."

Hakuna aliyecheka.

Hakimu alivua miwani. "Mahakama inaahirishwa kwa saa moja. Mama, nenda ukavilete. Askari atafuatana nawe, na jirani yako pia. Hakuna kuingiza mkono wala kutikisa. Vifike mezani kwangu kama vilivyo."

Kwenye korido Shemeji alikuwa ameegemea ukuta, anachokonoa meno kwa kijiti. Mama Vifungo alipopita, akamsogelea sikioni.

"Shemeji," alinong'ona, "ukifika nyumbani, msalimie kaka."

Kumbuka neno hilo. Mimi nalihifadhi hapa kando, tutalihitaji.

*

Kutoka mahakamani hadi kwake ni mwendo wa robo saa. Walitembea watatu, askari nyuma, wanawake wawili mbele, na katikati yao nafasi ya mtu wa nne kupita.

Jirani ndiye aliyeanza, walipofika kwenye kona ya mashine ya kusaga.

"Nilikuwa nakwambia, msalimie bwana. Kila siku. Wewe unasema, atasikia."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unamsalimia nani?"

"Viatu," alisema Mama Vifungo. "Nikifika mlangoni nilikuwa naviambia. Jirani anawasalimu."

Jirani alikuwa amekasirika, na hasira ilikuwa inamponyoka kama sabuni mkononi.

"Mimi tangu mama afariki niko peke yangu upande wa pili wa ukuta," alisema. "Unajua mara ngapi nimetoka na kazi yangu ya kufuma mkononi nije tukae? Nikifika, naona viatu. Nasema, mwenzangu yuko na mumewe. Narudi."

"Nilikuwa nakusikia."

"Unanisikia vipi?"

"Hatua zinakuja, zinasimama, zinarudi. Mimi niko ndani na sindano yangu, nasubiri hodi. Nilidhani hunipendi."

Askari nyuma yao alitazama juu, kana kwamba kuna kitu cha kulinda huko mawinguni.

Viatu vilikuwa mahali pake. Vyeusi, vya kamba, vimeng'aa juu kama vya siku ya kwanza. Pua zilitazama nje, kama mtu amevivua sasa hivi na atavivaa baadaye kidogo. Ndani ya nyumba mwanamume mwenye sauti nzuri alikuwa anasoma matokeo ya mpira.

"Ndiye huyo?" aliuliza Jirani.

"Ndiye huyo."

"Timu yangu imefungwa na yeye anafurahi," alisema Jirani. Kidogo tu, pembeni ya mdomo, alitabasamu.

Askari alivibeba viatu kwa mikono miwili, mbele ya kifua, kama mtu aliyepewa trei ya mayai. Njia nzima watu walimpisha.

*

Hakimu aliviweka juu ya meza, akatandika gazeti chini yake kwanza. Alianza kwa kuvigeuza. Alitazama soli ya kulia, akatazama ya kushoto.

"Viatu vya mtu anayekwenda kazini kila siku haviwi na soli safi namna hii," alisema, kama anajisemea. Karani aliandika.

Kisha akaingiza vidole viwili kwenye kiatu cha kulia. Vidole viwili tu, mdomoni mwa kiatu. Alikuwa amesikia habari za ule unyayo. Akavuta karatasi iliyoviringishwa, yenye muhuri wa mahakama. Chini yake palikuwa na bonge la gazeti la miaka sita, limekauka kama mkate wa juzi. Hilo hakuligusa.

Ile karatasi iliyoviringishwa ilikuwa imebanwa kwa pini mbili. Aliinyanyua juu, kila mtu aione.

"Pini hazijafunguliwa. Bwana Samahani, ni yenyewe?"

"Samahani, mheshimiwa, ndiyo."

Wakili alianza kukohoa, akaghairi.

Hakimu alizing'oa pini, akafungua. Alifungua pia jalada la kesi, akaanza kulinganisha ukurasa kwa ukurasa, polepole, kidole kikishuka. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Kidole kikasimama.

"Jalada langu lina kurasa tatu," alisema. "Hii ina nne."

Wakili alipekua makaratasi yake haraka. "Hata nakala yangu ina tatu, mheshimiwa. Mimi nilikabidhiwa tatu." Akageuka kumtazama mteja wake, na safari hii hakukohoa kabisa.

Shemeji, aliyekuwa ameegemea tangu asubuhi, sasa alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi. Kijiti cha meno kilikuwa kimeanguka.

"Makaratasi hupotea," alisema. "Ofisi zina watu wengi."

Hakimu alikuwa anasoma ukurasa wa nne. Alisoma hadi chini, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akamtazama Mama Vifungo kwa namna ambayo mahakimu hawafundishwi chuoni.

"Nitasema kwa kifupi," alisema. "Samansi hukabidhiwa mtu. Kiatu si mtu, hata kikiwa cha kulia. Aliyeandika kwamba amemkabidhi mume ameapa kuhusu mtu ambaye hakumwona, na kwa hilo atajieleza kwangu baadaye. Amri ya kuhama imefutwa. Kesi itaanza upya baada ya siku kumi na nne, pande zote zikiwepo. Siku hiyo mdai atakuja na maelezo ya ukurasa uliotoka kwenye jalada langu, na maelezo hayo yawe mazuri."

Mabenchi yalinguruma. Bwana Samahani alimwomba radhi karani, aliyekuwa karibu zaidi.

"Mama, sogea," hakimu aliendelea. "Hii sasa naikabidhi mkononi mwako. Siyo kwa mume, siyo kwa viatu. Tia sahihi hapa kwamba umeipokea."

Alitia sahihi. Mstari ulikwenda sawa. Ni mkono wa fundi.

"Huo ukurasa wa nne," alisema hakimu kwa sauti ya chini, akiachia karatasi, "usome ukiwa umekaa."

*

Ukishinda kesi, unataka kumwambia mtu. Mama Vifungo alifika kwake saa tisa alasiri, akasimama katikati ya chumba na ushindi wake wote, akazunguka mara moja. Palikuwa na cherehani. Palikuwa na rundo la mashati ya watu, wazi vifuani, yanangoja vifungo. Palikuwa na sahani mbili kwenye kichanja, moja haijawahi kutumika.

Viatu alivileta ndani, akaviweka juu ya meza. Mlangoni pakabaki alama mbili za soli, safi, zilizozungukwa na vumbi.

Akazima redio.

Miaka mitano hakuwahi kuizima mchana. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kiasi kwamba alisikia saa ya ukutani kwa Jirani. Halafu akasikia kitu kingine: kiti kikiburutwa sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta, kwa kelele zote kilizonazo kiti. Kikaburutwa tena kurudi. Jirani alikuwa anajilipia madeni ya miaka mitano.

Mama Vifungo alicheka, peke yake, hadi akalazimika kujifuta macho. Kisha akaketi kwenye cherehani na kufungua karatasi, kwa kuwa hakimu alisema akae.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wito. Wa pili na wa tatu, madai ya Shemeji. Wa nne ulikuwa na kichwa cha habari juu na mistari michache tu chini.

Orodha ya mashahidi wa mdai.

Jina la shahidi wa kwanza lilikuwa la mumewe. Majina yote matatu, yamepigwa chapa vizuri. Na mbele yake: "Mume wa mdaiwa. Anapatikana nyuma ya karakana ya seremala, upande wa pili wa reli."

Alisoma mara moja. Alisoma mara ya pili kwa kidole, kama mtoto anayejifunza.

Karakana ile anaijua. Inatazamana na duka la nyuzi. Kila mwezi husimama pale nje akilinganisha rangi za uzi kwenye mwanga wa jua, na harufu ya mbao mbichi humfuata hadi nyumbani.

Tarehe ya karatasi ilikuwa ya miezi minne nyuma. Miezi minne habari za mahali alipo mume zimekaa ndani ya kiatu cha mume, mlangoni kwake. Na kila Jumamosi yeye ameinama juu yake na kitambaa, akipiga rangi.

Sasa lile neno tulilolihifadhi kando lilete hapa. Msalimie kaka. Shemeji alikaa mahakamani siku mbili akisikiliza watu wakiapa kwamba kaka yake anaishi kwa Mama Vifungo, akanyamaza, na huku anajua kaka yake amelala wapi na anaamka saa ngapi. Ndiyo maana ukurasa ule ulitoka kwenye jalada: ungebaki, ungeonyesha kwamba mume haishi kwa Mama Vifungo na samansi haikumfikia. Na ndiyo maana hakucheka.

Mama Vifungo hakulia. Alilitoa lile shati lisilochafuka kwenye msumari, akalikunja kwa mikunjo ya dukani, akalitia kwenye mfuko. Juu yake akaweka viatu. Gazeti la ndani hakuligusa.

Alipotoka, Jirani alikuwa mlangoni kwake na ufumaji mkononi, ndiyo anajiandaa kuvuka.

"Ndiyo kwanza nakuja. Unakwenda wapi?"

"Kurudisha viatu."

Jirani alitazama mfuko, akatazama uso, akaelewa nusu. Nusu ilitosha.

"Nifuatane nawe?"

"Hapana, dada. Lakini ukisikia nimerudi, usiishie mlangoni."

"Niishie kwa nini? Viatu si hakuna tena," alisema Jirani. "Nitaingia hata bila hodi."

*

Upande wa pili wa reli seremala alikuwa anakata ubao, na unga wa mbao umemwagika hadi barabarani. Mama Vifungo alipita bila kumsalimia, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nyuma ya karakana palikuwa na safu ya vyumba vya kupanga, milango imebanana kama vifungo vya kola.

Alimuuliza mwanamke aliyekuwa anaanua nguo. Yule mwanamke akamwonyesha mlango wa mwisho kwa kidevu, na akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu, dada. Mke wake ni mgonjwa. Hapendi kelele."

Mke wake.

Rudia mwenyewe neno hilo kimoyomoyo, uone linavyoshuka. Mama Vifungo alishikilia mfuko kwa mikono miwili. Angeweza kugeuka. Kusema kweli mguu mmoja ulishageuka.

Lakini alikwenda.

Mbele ya mlango wa mwisho palikuwa na kandambili za kike, nyekundu, zimepangwa sawasawa, pua zikitazama nje. Ndani, sauti ya mwanamke ilikuwa inazungumza kwa upole, bila kupumzika, bila kujibiwa na mtu.

Alisimama akizitazama kandambili kwa muda mrefu. Mtaa mzima pale ungezitazama na kuamini. Yeye si mtaa. Akaweka mfuko chini, akainama, akaigeuza ya kulia.

Soli ilikuwa safi. Haijawahi kukanyaga chini hata siku moja.

Akainua kichwa, akasikiliza vizuri. Ile sauti ya kike, nzuri, ya mtu aliyesoma, ilikuwa inasema kwamba kesho mvua itanyesha maeneo mengi, hasa nyakati za mchana.

Mama Vifungo aliirudisha kandambili mahali pake, sawasawa kama ilivyokuwa. Akanyoosha gauni. Akabisha mara tatu, taratibu.

"Hodi," akasema.

Ndani, redio ikazimwa.